Uji wa Ua la Noeli

Nyumbani kwetu, katika kambi ya wafanyakazi wa reli, ua lilikula kabla ya baba. Baba mwenyewe ndiye aliyekuwa akisema hivyo, tena mbele ya wageni. Alirudi kutoka karakana ya reli na grisi imemfika viwikoni, akamkuta mama ameinama dirishani anamimina maji ya kuoshea samaki kwenye sufuria iliyotoboka. "Weye, mama," alimwambia, "ile maua ikishiba, na miye utanikumbuka?" Mama hakugeuka. Alimjibu kwamba mwanaume amepewa mdomo wa kuombea chakula, ua halikupewa.

Leo mimi ni mzee, na bado nina kinyongo na mmea. Watu wakisikia hivyo wanacheka. Na wacheke. Hawakuuona ukinenepa.

Haukuwa na majani hasa. Ulikuwa na vipande bapa, vinene, vilivyojaa maji, kimoja kimeota kwenye ncha ya kingine, vikining'inia pande zote za sufuria. Ukivunja kimoja, kilitoa maji kama tango. Wabelgiji waliuita kaktusi ya Noeli, na mama alifupisha: maua ya Noeli. Aliupata kwenye foyer, ile nyumba ambamo masista waliwafundisha wake za wafanyakazi kushona, kupiga pasi na kuogesha watoto kama wanavyoogeshwa Ulaya. Mama alikuwa na mkono mzuri wa sindano. Sista mmoja, mnene, mwepesi wa kucheka, alipendezwa na kazi yake, akamvunjia kipande kutoka mmea wake mwenyewe. "Siku ya Noeli, maua mingi," alimwambia. "Rouge! Nyekundu, kama moto."

Mama alikuja na kile kipande amekifunga kwenye ncha ya kitenge, pale ambapo wanawake wengine hufunga sarafu. Wakati huo alikuwa mja mzito. Kabla ya mimba hiyo alikuwa amezika watoto wawili, mmoja kaskazini kabla hatujapanda treni, mwingine hapa hapa mjini Lubumbashi, na katikati yao nilibaki mimi. Kwa hiyo kila mtu pale nyumbani, hata mimi niliyekuwa msichana mdogo, alijua kilichokuwa kinasubiriwa. Tulikuwa tunasubiri mtoto atakayekaa.

Kwetu kaskazini, kitovu cha mtoto kikikauka na kuanguka, hakitupwi. Kinazikwa kwenye shina la mmea karibu na nyumba, na tangu siku hiyo mtoto ana kwao. Mtu akiulizwa yeye ni wa wapi, hataji mahali anapolala. Anataja mahali kilipozikwa kitovu chake. Lakini kambini ardhi haikuwa yetu. Nyumba zilipangwa kwa safu, za matofali, zinafanana kiasi kwamba wanaume wenye pombe kichwani waliingia kwa wake za wenzao bila nia mbaya. Baba akipandishwa cheo tulihamishwa safu, na walioachishwa kazi walihamishwa kabisa. Mwanamke mmoja wa safu ya nyuma alizika kitovu cha binti yake chini ya mpapai. Mlinzi wa usafi akaja na panga akaukata, akisema unaleta mbu. Yule mama alilia juu ya kisiki mpaka watu wakaona haya kupita.

Ndugu yangu alizaliwa mvua za kwanza zilipoanza kupiga mabati. Alikuwa mdogo sana, na macho yake yalikuwa makubwa kuliko uso. Kitovu kilipoanguka, mama alikaa nacho kiganjani muda mrefu, akitazama uwanja wa nyumba ambao haukuwa wake. Kisha aliinuka akachukua sufuria ya enameli aliyokuja nayo kutoka kaskazini siku za ndoa yake, ambayo sasa ilikuwa imetoboka chini na haifai kupikia. Aliijaza udongo mwekundu wa kichuguu. Jirani yetu wa karibu, mwanamke wa nchi hii hii, ambaye wazee wake walilima mtama hapa kabla ya reli kufika, alikuwa amemwambia kwamba kwenye udongo wa kichuguu hata kijiti cha ufagio kinaota. Mama alizika kitovu katikati, na juu yake akapanda kipande cha sista.

"Kitovu mu sufuria!" jirani alicheka alipoona, akimwita mama yaya, yaani dada mkubwa. "Yaya, mutoto yako atakuwa mupishi ya bazungu."

"Batuhamishe tu," mama alijibu. "Mutoto atahama na kwabo."

Hivyo ndivyo ua la sista lilivyogeuka kuwa kwao kwa ndugu yangu. Na kwa kuwa sista alikuwa amesema litachanua siku ya Noeli, mama aliweka moyoni mwake jambo ambalo sista hakulisema: kwamba siku ua litakapochanua, mtoto atakuwa ameshika mizizi, na yeye mama hatazika mtoto tena.

Noeli ya kwanza haikuleta kitu. Mama hakusikitika. Ua lilikuwa bado vipande vichache na mtoto alikuwa bado hana jino, na wote wawili walisamehewa. Ila baada ya hapo alianza kulisha kwa bidii. Sisemi kumwagilia, nasema kulisha, kwa sababu ndilo neno lake. Alilipa maji ya samaki, majivu ya jikoni, majani ya chai yaliyokwisha nguvu, na maganda ya mayai aliyoyatwanga kwenye kinu kidogo. Akienda sokoni alirudi na mavi ya mbuzi kwenye karatasi, akayaloweka nyuma ya jiko mpaka baba akauliza kwa upole kama kuna mtu amekufa. Lakini chakula chenyewe hasa, cha kila siku, kilikuwa uji. Mtoto akimaliza kula, mama alisuuza kisahani chake kwa maji ya vuguvugu na kuyamimina kwenye sufuria, taratibu, yasimwagike hata tone. Alichokula mtoto, ua nalo lilikula.

Na mtoto alihitaji kula. Kila wiki mama alimpeleka kupimwa uzito, na pale kwenye mizani mambo yalikuwa wazi mbele ya watu. Watoto wanene walipigiwa makofi, mama zao wakaonyeshwa kwa wengine kama mfano. Ndugu yangu alipowekwa, mshale ulisogea kidogo ukakaa. Hakuna aliyemtukana mama. Walimwambia tu: mama, mulishe. Akarudi nyumbani akamlisha. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, watu wanasema. Siipendi methali hiyo, na mtu akiisema mbele yangu natoka.

Wageni hudhani nchi yetu yote ni joto. Waje Lubumbashi mwezi wa sita. Asubuhi nyasi zinauma miguu na watu wanaongea mvuke ukiwatoka kinywani. Kipupwe kilipofika, mama aliogopa, kwa sababu ndugu yangu alikuwa mtoto wa kifua. Alikohoa usingizini, kikohozi kidogo kikavu, kama mtu anayebisha hodi kwa adabu. Basi mama aliziba dirisha kwa matambara, akaingiza mbabula ndani, lile jiko la bati la makaa, na kwenye kona iliyo karibu na moto akaweka vitu viwili: mkeka wa mtoto na sufuria ya ua. Ua likatoka kwenye baridi ya dirishani likaja kuota moto. Baba alirudi kazini akakohoa mlangoni kwa sababu ya moshi. Mama alimwambia afunge mlango upesi, anawaingizia watoto baridi. Watoto, alisema, na mimi nilikuwa nje napepeta unga.

Ndugu yangu alichelewa kutembea, lakini alikuwa na maneno mapema. Neno lake la kwanza alilolitumia sawasawa lilikuwa la amri. Siku moja, akiwa amekaa miguuni pa mama na kijiko mkononi, aligeuka, akachota uji, akaubandika kwenye kipande cha ua. "Kula," aliliambia. Tulicheka mpaka mama akashika mbavu. Tangu siku hiyo hakula bila kuligawia. Kijiko kimoja kwake, kimoja kwa ua, huku akigonga ukingo wa enameli kama anayemwita mtu mezani: kula, kula. Mama alikuwa akipangusa uji kwenye vile vipande kwa kitambaa kibichi, kimoja kimoja, akiimba chini chini. Nikiulizwa siku za furaha za nyumba yetu, nazijua. Zilikuwa hizo, na zilikuwa na sauti ya kijiko kwenye enameli.

Noeli ya pili ikapita. Ua lilikuwa limefunika sufuria yote, kijani kibichi, nono, bila hata kitone chekundu. Wanawake wa safu yetu walikwishalizoea jambo hilo, wakamtania mama kisimani: "Noeli ya mwaka gani, yaya?" Jirani akamtetea kwa kusema subira yavuta heri, kisha naye akacheka. Mama alicheka nao. Lakini ilipokaribia Noeli ya tatu, hakucheka tena. Alikuwa amewaahidi akina mama wa parokia kwamba ua la mwanawe litakaa kwenye pango la Noeli, mbele ya Mtoto Yesu. Aliongeza majivu, aliongeza mavi ya mbuzi, na alikuwa akivinyanyua vipande kwa kidole kila asubuhi akitazama chini yake. Usiku wa mkesha alivaa kitenge chake kizuri akaenda misa mikono mitupu. Pangoni kulikuwa na maua ya karatasi. Nilimwona akiyatazama wakati wengine wamefumba macho.

"Sista alidanganya?" nilimuuliza tukirudi.

"Ma sœur hawezi kudanganya," mama alisema. "Miye njo sijalisha vizuri, ni miye."

Baada ya Noeli hiyo kikohozi cha ndugu yangu kiliacha adabu. Kilimtikisa mwili mzima. Mvua ilikuwa inanyesha kila alasiri, nyumba ikawa na unyevu hadi kwenye blanketi, na mama akarudisha mbabula ndani ingawa hayakuwa majira yake. Mtoto alianza kukataa chakula. Alifunga mdomo, akageuza uso ukutani. Mama alibembeleza, akatia sukari, akatia karanga, akapuliza kijiko kana kwamba tatizo ni moto. Kisahani kilibaki kimejaa. Chakula cha mtoto hakitupwi, wala mkubwa halili alichokataa mgonjwa, hivyo mama alikiongeza maji akakimimina chote kwenye sufuria.

Nataka hili lieleweke. Ndugu yangu aliacha kula, na ua likala fungu lake. Kila alipokonda, lenyewe lilitoa vipande vipya, vyororo, vya kijani cha mwanga, vinang'aa. Nililichukia kwa moyo wote. Mara moja, mama alipokuwa ameenda kutafuta makaa, ndugu yangu alifumbua macho akaliona, akanyoosha kidole kwenye sufuria, akasema kwa sauti ndogo neno lake, kula. Nilidhani anaomba uji. Nilikimbia kuuleta, nikapiga goti mbele yake na kisahani. Hakuwa anaomba. Alikuwa analikaribisha tu, kama kawaida yake.

Alikufa mvua zikiwa karibu kukatika, hospitalini, asubuhi, baba akiwa ameomba ruhusa kazini na kofia yake ya kazi mkononi. Muuguzi, mtu mweusi mwenzetu, mpole, alitueleza kwamba mapafu yalikuwa yamejaa. Alisema moshi wa makaa na nyumba iliyofungwa havifai kwa kifua cha namna hiyo, lakini kifua chenyewe alizaliwa nacho kibovu, na huenda ingekuwa vile vile kwa vyovyote. Alisema vizuri, kwa heshima. Baba alisikia maneno yote. Mama alisikia nusu ya kwanza.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mimi nilikuwa dada tu. Lakini najua nilichokiona. Siku matanga yalipokwisha na mikeka ya watu ilipokunjwa, mama alibeba ile sufuria kutoka kona ya moto, akaenda kuiweka nje nyuma ya jiko, juu ya matofali, kwenye upande ambao upepo unapiga. Hakuitupa. Baba alimuuliza kama ua halitakufa huko.

"Mwenye kwabo hayuko," mama alisema. "Nitalisha nani?"

Hakulipa tena kitu, hata maji. Mvua zikakoma. Vumbi jekundu likaja, na upepo ulipogeuka ukaleta moshi wa kiwanda cha shaba uliokuwa ukiunguza mboga za watu. Vile vipande vinono vikasinyaa, vikakunjana kama ngozi ya vidole vilivyokaa majini, kingo zikawa na wekundu wa kuungua. Nilikuwa napita pale nikienda chooni, na sitasema uongo, nilikuwa naridhika. Nilisema moyoni: sasa na wewe uone. Mwezi wa sita ukaingia na baridi yake. Nyumba yetu ilikuwa haina mbabula ndani tena. Mama alilala bila moto, na baba hakuthubutu kuuwasha.

Asubuhi moja nilienda nyuma ya jiko kuchukua kuni, nikaona kwenye ncha za vile vipande vilivyosinyaa vitu vidogo vyekundu, kama punje za mchele zilizochovywa kwenye damu. Nilidhani ni wadudu. Nikafurahi kwamba linaliwa. Lakini punje zilirefuka, na siku chache baadaye, jua lilipogusa matofali, nilikuta zimefunguka. Sista alikuwa amesema kweli. Zilikuwa nyekundu kama moto. Kila ncha ilikuwa na ua, na kila ua lilikuwa limetokeza lingine ndani yake, tabaka juu ya tabaka, zote zimeinamisha vichwa chini. Halikuwepo ua zuri kama hilo kambi nzima. Katika vumbi lile, katika baridi ile, kwenye sufuria ambayo hakuna aliyeipa hata tone.

Kitu cha kwanza nilichofikiri ni kwamba mama asilione. Nilichukua karai la kufulia nikalifunika. Nikabaki nimesimama pale, nimeshika kuni, nikitafuta mahali pa kulipeleka.

Mama alikuja kutafuta karai.

Alilifunua kwa mkono mmoja, akitazama pembeni, kama mtu anavyochukua chombo chake. Kisha akaona. Aliliweka karai chini polepole sana. Akachuchumaa mbele ya sufuria, uso kwa uso, akaliuliza kama unavyomuuliza ndugu aliyefika baada ya mazishi: "Sasa njo unakuja?"

Hakulia. Nililia mimi.

Sista naye alikuja, Mungu amsamehe. Masista walikuwa na desturi ya kutembelea nyumba, na yeye alikuja kwa ajili ya pole, maana alikuwa safarini mtoto alipokufa. Alisali na mama, akamshika mkono, akafuta miwani yake. Sidhani alikuwa mtu mbaya. Lakini alipotoka kwa mlango wa nyuma aliliona ua, akapiga makofi. Aliwaita wanawake wa safu yetu waje waone. Akaeleza, akichanganya Kifaransa na Kiswahili chake, kwamba alikuwa amesahau: Noeli ya Ulaya ni wakati wa baridi, na hapa baridi ni mwezi wa sita, na mmea haujui kalenda ya kanisa. "Inataka baridi kiloko, kidogo hivi," alisema, akihesabu kwa kidole. "Inataka njaa kiloko. Ukiweka karibu na moto, ukilisha mingi, utapata paka majani, majani tu. Bravo, mama! Umejua."

Wanawake walijua habari za kona ya moto, sista hakuzijua. Jirani yetu, ambaye hakuwahi kukosa neno, alitazama chini.

"Ndiyo, ma sœur," mama alisema. "Aksanti, ma sœur." Akamsindikiza mpaka barabarani kama inavyopasa.

Jioni, baba alipokuwa ananawa, mama alimsimulia yote bila kupandisha sauti, kisha akasema: "Nilimulisha. Nilimufunika. Vile nilifanya maua, njo vile nilifanya mutoto. Maua ilipona sababu nilikatala kuichunga."

Baba alirusha taulo. Sikuwahi kumwona akirusha kitu. "Mutoto haiko maua!" alisema. "Unasikia? Mutoto anakulaka! Mutoto anasikiaka baridi!" Alimwambia maneno ya muuguzi, nusu ya pili, ambayo mama hakuisikia. Alimwambia tena kesho yake. Padri alimwambia pia, baada ya misa, kwa muda mrefu, na mama akaitikia kila neno.

Tangu mwaka huo mama hakulipa ua mbolea ya aina yoyote. Maji kidogo wakati wa mvua, basi. Kipupwe kikifika alilibeba nje kwa mikono yake, akaliweka kwenye baridi, kwa kuwa sasa alijua linachotaka. Lakini hakuweza kuliacha peke yake. Alileta kiti chake akakaa kando yake kila asubuhi mpaka jua lipate nguvu, mikono imeingia kwapani. Lilichanua kila mwaka. Lilipochanua aliligeuza, upande wenye maua mengi utazame ukuta.

Tulihamishwa safu mara nyingine, na sufuria ilihama mikononi mwa mama, kama alivyosema, ila bila mtoto. Wanawake waliomba vipande. Kwetu huwezi kumnyima mtu mche, ni kama kunyima moto wa kuwashia jiko, na mama alimnyima kila mtu. "Kimoya tu, yaya," jirani alimsihi. Alijibu hapana, bila sababu. Wakamsema kuwa ni mchoyo, mke wa reli anayejidai. Hakujitetea. Enameli ilipoliwa kabisa na kutu, alilihamishia kwenye chombo kingine, na ule udongo wa zamani akaumwaga kwenye ungo, akauchambua kwa vidole tangu asubuhi kama anayechambua maharage. Alikuwa anatafuta kitovu. Hakukiona. Ua lilikuwa limekila.

Nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza ilikuwa miaka ya mwisho ya Wabelgiji, nami nilikuwa nimeolewa na mfanyakazi wa reli kama baba. Ilikuwa kipupwe. Mama alikuja nyumbani kwangu amebeba kopo, na ndani ya kopo udongo wa kichuguu, na juu ya udongo kipande kimoja. Alikuwa amekivunja. Kitovu cha mtoto wangu kilipoanguka, mama alikizika mwenyewe, akakandamiza udongo kwa kidole gumba, akafuta ukingo wa kopo.

"Usiilishe sana," alisema. "Na baridi kiloko, uiachie."

Nilikuwa nimebeba jambo moja tangu utotoni, na niliona nisipolisema siku hiyo sitalisema tena. "Mama," nilimwambia, "haiko weye ulimuua."

Alitikisa kichwa kama mtu anayekubali bei.

"Najua," alisema. "Muganga ya hospitali alisema. Baba yako alisema, mon père ya parokia naye alisema, na leo weye. Batu banasemaka mara moya, kiisha banaenda ku kazi yabo. Ile maua inaniambiaka kila mwaka."

Nikataka kumjibu, lakini mtoto aliamka, akaanza kulia njaa. Nilimwinua nikamweka kifuani, naye akashika ziwa kwa nguvu, akinyonya kwa sauti kama watoto wenye afya wanavyofanya. Mama alitazama mara moja tu. Aliinuka, akatoka nje kwenye baridi bila shali, akasimama huko ametupa mgongo mpaka mtoto aliposhiba.